Kamera, Mlimao na Maji ya Bamvua

Kiwavi wa kwanza niliyempiga picha nilidhani ni kinyesi cha ndege. Alikuwa juu ya jani la mlimao ulioko nyuma ya nyumba ninayopanga Tabata, Dar es Salaam, mweusi, ana baka jeupe mgongoni, anang'aa kwa unyevu kama kitu kilichodondoka dakika hiyo hiyo. Nilikuwa nimekwenda kuchuma limau la chai. Nikanyoosha kidole nilipanguse lile jani, kinyesi kikasogea.

Mama mwenye nyumba alipokuja kutazama hakushangaa hata kidogo. Alisema hao ndio wanaommalizia mlimao wake kila mwaka, na kesho atamwita kijana wa dawa aje apulizie.

"Mama, niachie hawa wachache nione mwisho wao."

"Mwisho wao ni kunimalizia majani."

"Tawi moja tu, mama yangu."

Akakaa kimya kidogo. "Moja, mwanangu. Nikimkuta kwenye la pili, napulizia mti mzima."

Basi kila jioni nikitoka kazini nilikuwa na kazi ya pili, kuwakusanya waliotoroka na kuwarudisha kwenye tawi lao. Huo ulikuwa mwaka 2019, nina simu tu. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari mjini: nadurufu, nachapa, napiga picha za pasipoti. Kutwa nzima nawaambia watu wakae sawa, wainue kidevu, wasicheke. Kiwavi huwezi kumwambia hivyo. Anakula akitaka, analala akitaka, na wewe ndiye unayekaa sawa.

Alijivua ngozi mara kadhaa, kisha asubuhi moja nikamkuta kijani kibichi, mnene kama kidole changu cha mwisho. Sura ya kinyesi imekwisha. Nilipomgusa akachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zikaja na harufu kali ya machungwa yaliyooza, ikanikaa mikononi mpaka usiku. Siku chache baadaye akapanda kwenye kijiti, akajizungushia uzi kiunoni na kuegemea nyuma kama fundi wa nguzo za umeme kwenye mkanda wake, akageuka pupa. Mwalimu wetu wa sayansi darasa la sita alitufundisha neno hilo, nami nilikuwa nikiona ajabu kwamba Kiswahili kinaita pupa ile haraka ya tamaa, na kinaita pupa kiumbe kinachoning'inia wiki mbili bila kutikisika.

Wa kwanza hakutoka kipepeo. Siku ya kumi na moja nilikuta kitundu ubavuni, cha mviringo kama kimetobolewa kwa sindano, na vinyigu vidogo kuliko sisimizi vinatoka kimoja kimoja na kusimama juu ya ganda vikisafisha vipapasio. Mama yao aliwahi kutaga mayai ndani, na watoto walimla mwenyeji wao mpaka wakamaliza. Nilisikitika kama niliyefiwa, lakini nilipiga picha, na leo naithamini kuliko picha nyingi za vipepeo nilizonazo. Wa pili alitoka nikiwa kwenye daladala naenda kazini. Kwa wa tatu nilikuwa nimeshajua dalili: jioni ile ganda lilikuwa jeusi zaidi, na madoa ya njano ya mabawa yanaonekana kwa ndani kama kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni. Nikatega simu initoe kitandani saa kumi na moja alfajiri. Alitoka saa moja na dakika chache, mabawa yamekunjamana kama kitenge kilichokamuliwa, akaning'inia na kuyajaza taratibu mpaka yakanyooka. Siku hiyo nilichelewa kazini na sikujuta.

Kamera nilinunua mwaka uliofuata, zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana fedha ilipofika. Ni ya mtumba, ya Kariakoo, laki saba pamoja na lenzi ya kawaida. Fundi mmoja alinionyesha kwamba lenzi hiyo hiyo ukiigeuza kinyumenyume na kuifunga kwa pete maalumu inakuza kitu kidogo zaidi ya ulivyotegemea. Shida yake ni kwamba kamera haiwezi tena kutafuta fokasi yenyewe. Unasogea wewe, mbele na nyuma, kiasi cha pumzi moja, kwa sababu sehemu inayotoka wazi haizidi unene wa punje ya mchele. Ukilenga mgongo wa nzi, macho yamepotea. Ndiyo maana nalenga macho, mengine yatakavyokuwa na yawe. Fleshi peke yake inamuunguza mdudu anayeng'aa na kumwacha na doa jeupe mgongoni, hivyo nilikata kipande cha dumu jeupe la maziwa nikakifunga mbele yake. Mwanga ukalainika. Mpaka leo natumia dumu, ingawa limeshabadilishwa mara nyingi.

Mchana wa kazi nilikuwa naponyoka kwenda Bustani ya Mimea pale Samora, ile iliyoanzishwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1893. Nilijifunza huko kwamba jua la saa saba la Dar es Salaam halipigiki picha; kila kitu ni cheupe au cheusi. Unaingia kivulini, unatafuta kilichomo kivulini. Kwenye mti mmoja nilikuta majimoto wakishona nyumba. Wafanyakazi wamejipanga ukingoni mwa jani, wanalivuta kwa taya likutane na jani la pili, na wengine wamebeba watoto wao mdomoni, mabuu meupe, wanawapitisha huku na huku kama mtu anayetumia gundi, kwa sababu uzi wa kushonea unatoka kwa yule mtoto. Waliniuma shingoni na nyuma ya masikio. Picha zilitoka na ukungu zote isipokuwa moja, na katika hiyo moja buu anaonekana wazi, na uzi wenyewe, mwembamba kuliko unywele, umeshika pande mbili za jani.

Jumapili nilianza kushuka bondeni. Bonde la Msimbazi si mbali na kwangu, natembea kwa mguu. Watu wanalifahamu kwa mafuriko na harufu, na vyote viwili ni kweli. Lakini katikati ya hayo kuna matuta ya mchicha na matembele, mifereji, madimbwi yenye magugu, na ndege ambao huwaoni kwingine mjini: yangeyange wakimfuata mwenye jembe, kwarara wakipiga kelele za asubuhi, mdiria mdogo wa buluu juu ya ubua akitazama maji.

Siku ya kwanza nilifanya kosa. Nilishuka na kamera shingoni, nikaanza kupiga kabla sijamsalimu mtu. Ndani ya robo saa walikuwa wamenizunguka watu sita. Nyumba za kule chini zilikuwa zimewahi kuchorwa alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, na mtu mwenye kamera kubwa bondeni alikuwa na maana moja tu.

"Dada, umetumwa na nani?"

Nilisema sijatumwa. Hawakuniamini, na ningekuwa wao nisingeniamini. Niliwaonyesha picha kwenye kioo cha kamera: panzi, panzi, jani, buibui. Mmoja akacheka, wengine wakaondoka bila kusema kitu. Jumapili iliyofuata nilikwenda mikono mitupu, nikanunua mchicha, nikasalimia kila tuta. Ya tatu nilichukua picha nilizochapa dukani, za kereng'ende na yangeyange wa pale pale, nikagawa. Tangu hapo wakiona ndege mgeni wananipigia simu.

Mzee mmoja mwenye matuta karibu na mfereji ndiye aliyenifundisha kereng'ende. Mimi nilikuwa nawafukuza. Nanyata, naruka, natumbukiza mguu, na kila nikifika ameshaondoka. Yeye alikuwa anamwagilia, akaniangalia muda mrefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto utaanguka. Kaa hapo kwenye ndoo. Kijiti kile ndicho chake, atarudi."

Nikakaa. Akarudi, kwenye ncha ile ile, akageuza kichwa kama mtu anayetafuta aliyemwita. Akaruka, akamdaka inzi, akarudi tena. Nikagundua ningeweza kuweka kamera tayari, fokasi kwenye ncha tupu ya kijiti, na kusubiri mwenyewe aje. Katika saa moja nilipata zaidi ya nilichopata miezi mitatu. Macho yake kwa karibu yanaonekana kama dari lililojengwa kwa vigae vidogo vidogo; kereng'ende wakubwa wana vijicho hadi 30,000 katika kila jicho. Na jua lilipopanda utosini aliinua mkia juu, wima kabisa, ukielekea jua. Nilidhani anaumwa. Kumbe anapunguza sehemu ya mwili inayochomwa, kama sisi tunavyogeuza ubavu kwenye kivuli chembamba cha nguzo kituoni.

Lakini kuna wengine ambao mbinu ya ndoo haikuwafaa. Walikuja mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, rangi ya njano iliyochanganyika na kutu, mabawa ya nyuma mapana, kundi zima likizunguka juu ya matuta na halitui. Nilikaa kwenye ndoo mpaka miguu ikafa ganzi. Mzee akasema hao ni wa mvua, hawana kijiti. Baadaye ndipo nilisoma kwamba mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldivi, alieleza jinsi kereng'ende wa aina hiyo wanavyopita visiwani mwake kila mwaka wakitokea upande wa India, wakisukumwa na pepo, na kuvuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki, wakifuata mvua. Wadudu wenye urefu wa kidole! Wanataga kwenye madimbwi ya mvua, na watoto wanakua kwa wiki chache tu kabla dimbwi halijakauka. Nilisoma haya dukani, mteja anasubiri kudurufu, nikamsahau.

Hao nao wana saa yao. Usiku wananing'inia kwenye vijiti, na alfajiri wako baridi, hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe. Nilikwenda saa kumi na mbili na robo, nyasi zimelowa umande. Nilimkuta mmoja chini ya tawi la mbaazi, umande umemjaa mwili mzima, matone juu ya macho, matone kwenye kila mshipa wa bawa. Nilikuwa na kama dakika ishirini. Kisha akaanza kutetemesha mabawa, matone yakaruka, naye akaondoka.

Dimbwi moja lililokuwa zuri kuliko yote halipo tena. Malori yalimwaga kifusi kwa wiki mbili, yakasawazisha. Sina haja ya kusema ni nani. Mwenye ardhi anajua alilolifanya. Ninachojua ni kwamba kereng'ende mtoto anaishi ndani ya maji na anakula viluwiluwi vya mbu, na pale sasa maji ya mvua yanatuama kwenye matairi na makopo, mbu wamebaki, kereng'ende hawapo. Nina picha mia mbili na kitu za dimbwi lile. Nimezihifadhi sehemu mbili tofauti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Ndege anayeitwa chozi alijenga kwenye mwarobaini unaoelekea dirisha la jiko letu. Jike ndiye aliyejenga, mdogo, rangi ya majivu. Dume lake alikuwa anakuja juani anang'aa kijani na zambarau, anapiga kelele, anaondoka. Kiota cha chozi ukikiona utadhani ni takataka iliyonaswa na upepo. Ni mfuko wa nyasi kavu na vipande vya majani uliofungwa kwa nyuzi za buibui, unaning'inia, mlango uko ubavuni na juu ya mlango kuna kibaraza. Mayai yalianguliwa, nikaanza kusikia sauti nyembamba. Nilisimama dirishani siku tatu. Kila picha ilikuwa na majani mbele.

Siku ya nne, jike alipoondoka, nilipanda kiti nikakata majani manne na kijiti kimoja. Si mengi. Mlango ukawa wazi kabisa. Nilipiga picha arobaini na tatu saa ile. Katika moja, mama ameshika buibui mdomoni na vifaranga wawili wamefungua midomo, rangi ya njano mpaka kooni, na mwanga wa saa mbili asubuhi unapita katikati ya mabawa yake. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hiyo, kabla wala baada.

Jumapili, siku mbili baadaye, nilikuwa nafua. Nikamsikia jike akilia, sauti kama ya kugonga vijiwe, haikatiki. Nilipofika kunguru wawili walikuwa kwenye tawi. Kiota kimechanwa kuanzia mlangoni kwenda chini. Vifaranga walikuwa wamekwisha.

Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akavuka, na leo Dar es Salaam ni yake. Kila mtu hapa anajua anavyokula mayai na vifaranga vya ndege wenyeji. Ana tabia moja ambayo mimi nilikuwa nimeiona na sikuifikiria: anamsoma mtu. Ukienda mahali mara tatu, naye anakwenda kutazama ulikuwa unatazama nini. Nilikuwa nimempa njia na nimempa mlango.

Mama mwenye nyumba alikuja akasimama karibu nami. Hakunigombeza. Alisema, "Yale majani ndiyo yalikuwa pazia lake, mwanangu."

Picha ninayo. Sijaichapa na sijamwonyesha mtu. Nimeieleza hapa kwa sababu naona vijana wengi wenye kamera nzuri kuliko yangu wakikunjua matawi, wakifunga majani kwa uzi, wakishusha kiota kwenye mwanga, na kila mmoja anaamini kwamba anagusa kidogo tu. Mimi nilikata majani manne. Sasa nikikuta kiota nakitazama kwa mbali mara moja na kupita, tena napita kama mtu asiyeona kitu, na sitaji mtaa. Mwaka uliofuata chozi alirudi kwenye mwarobaini ule ule, tawi la juu zaidi. Nilikuwa natazama nikiosha vyombo. Kamera niliiweka mezani ndani, nikapiga kupitia nafasi ya wavu wa dirisha, mara chache, na katika picha zote jani limeziba nusu ya kiota. Vifaranga wote wawili waliruka. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeomba hiyo ichapwe, iko sebuleni kwake.

Masika ya mwaka huo nilipoteza lenzi. Nilikuwa nimeiweka kabatini kati ya nguo, mwezi mzima wa nne bila kuigusa, na nilipoitoa ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizotambaa kama mizizi. Ni ukungu, unyevu wa pwani unaulea. Fundi alisafisha lakini alama zilibaki. Sasa vifaa vyangu vinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu wa Kariakoo wananiwekea, bure.

Kunduchi nilikwenda kwa ajili ya ndege wa pwani. Nilikuwa nimepata lenzi ndefu ya kuazima, na nilikuwa nimesikia kwamba kwenye mabwawa ya chumvi wanatua kwa mamia. Nilikwenda Jumamosi nne za asubuhi, daladala mbili na bodaboda, na mara zote nne nilikuta mabwawa matupu yanang'aa na ndege wako mbali kabisa kwenye tope la bahari, wadogo kama pilipili manga zilizomwagwa. Ya nne, mzee anayefanya kazi ya kukwangua chumvi alinihurumia.

"Karibu mama. Unatafuta kitwitwi?"

"Ndiyo, babu. Mbona hawaji huku?"

"Waje huku wafuate nini? Chakula chao kiko huko, maji yametoka. Wewe unakuja maji yakiwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi mzaliwa wa mji wa bahari, sikuwa nimewahi kujiuliza. Akaniketisha juu ya gunia, akanieleza kwa kuchora kwenye chumvi. Maji yakipwa, tope linafunuka, ndege wanasambaa kula minyoo na kaa. Maji yakijaa, meza yao inafunikwa, lazima wapande mahali pakavu wangoje. Wakati wa maji mafu bahari haijai sana, wanabaki na vipande vya kusimama kule kule. Lakini siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yanafunika kila kitu. "Bamvua hapa kwetu linajaa saa kumi. Saa kumi alfajiri, saa kumi jioni. Njoo saa tisa, ukae nyuma ya chungu hii, usisimame. Watakufuata wenyewe."

Nilihesabu mwezi. Siku ya pili baada ya mwezi mpevu niliomba ruhusa kazini, saa tisa kasorobo nikawa nimekaa chini nyuma ya chungu ya chumvi, nimejifunika kitenge cha kahawia, miwa miwili ya kuondoa kiu. Kwanza hakuna kitu. Upepo, na sauti ya sepetu mbali. Kisha kikundi cha kwanza kikaja chini chini juu ya mikoko, kikageuka wote kwa pamoja, tumbo jeupe, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, wakatua hatua ishirini kutoka nilipo. Kisha wengine. Kisha sululu, wakubwa, midomo imepinda kama mundu, wakishuka na filimbi yao ya kushuka. Kisha wale wala kaa, weupe wenye joho jeusi mgongoni na mdomo mnene kama kisu cha jikoni, ambao huzaliana pwani za Uarabuni kwenye mashimo wanayochimba mchangani na kuja kwetu baadaye. Saa kumi na robo bwawa lilikuwa limejaa ndege, na mimi nilikuwa sijapiga hata picha moja. Nilikuwa natazama.

Mmoja alikuwa karibu nami kuliko wote, kitwitwi wa mdomo uliopinda kidogo. Alisimama kwa mguu mmoja, akaficha mdomo kati ya manyoya ya mgongo, lakini jicho hakulifunga lote. Kope ilipanda nusu, ikashuka, ikapanda. Kwenye ncha ya mdomo, kabla hajauficha, kulikuwa na tope la baharini lisilokauka. Ilikuwa mwezi wa nne mwanzoni, na kifua chake kilikuwa kimeanza kugeuka rangi ya matofali. Hiyo ndiyo nguo ya safari. Ndege hawa wanazaliana kaskazini kabisa mwa Urusi, Siberia, na walikuwa wamebakiza siku chache waondoke. Miezi yote ya kaskazi walikuwa hapa kwetu wakila, wakinenepa, wakijiwekea mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na mimi nilikuwa nimekaa mji mmoja nao miaka yote sijui.

Chumvi inadanganya kamera. Weupe mwingi unaifanya ipunguze mwanga, ndege wanatoka weusi kama vivuli. Nikaongeza mwanga hatua moja na nusu. Lakini yangeyange akisimama mbele ya mikoko ni kinyume chake, lazima upunguze, la sivyo manyoya yanakuwa karatasi tupu. Kwa waliosimama nilitumia kasi ndogo ya kupiga. Waliporuka nilipanda mpaka 1/2000 ya sekunde. Haya nimeyaandika kwenye daftari pamoja na umri wa mwezi na saa ya maji, na daftari hilo sasa linanisaidia kuliko lenzi.

Mara moja nilikuta pale wapiga picha watatu wamewapa watoto hela warushe mawe, wapate picha ya kundi likiruka. Kundi liliruka mara tano. Nilikwenda nikawaambia, na sauti yangu haikuwa nzuri. Ndege anayengoja maji yapwe anapumzika. Kila akiruka anachoma mafuta aliyoyatafuta topeni siku nzima. Atakayeishiwa ataishiwa juu ya jangwa au juu ya bahari, ambako hakuna wa kumpiga picha. Mmoja aliniuliza mimi ni ofisa wa wapi. Babu wa chumvi, aliyekuwa kimya mpaka hapo, akasema, "Huyu ni mgeni wangu. Na hao ndege pia."

Walikunja vifaa wakaondoka.

Babu nilimchapia picha kubwa, sululu wakitua na yeye mwenyewe kwa nyuma na sepetu yake. Aliitazama muda, akaniuliza kwa nini nimemtoa mdogo hivyo na ndege wakubwa. Nikamwambia ndege walikuwa karibu zaidi. Akaridhika, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Mwezi utakuwa mpevu Alhamisi. Jumamosi maji yanajaa saa kumi na nusu, na babu amenipigia leo kusema wameanza kurudi, wachache, bado wana wekundu kidogo kifuani. Betri ziko kwenye chaji. Kitenge nimekifua.